Klachi Mpya kwa Gari Kuukuu: Jinsi ya Kuchagua Bila Kupoteza Mali ya Wanachama

(Hotuba ya Fundi Mkuu wa Karakana mbele ya wajumbe wa vyama vya msingi, katika sherehe za kutimiza miaka kumi ya Chama Kikuu)



Walionitangulia wamesema juu ya bei ya kahawa, mikopo na mbolea, nayo ni mambo makubwa. Kazi yangu mimi ni ya karakana, na neno langu leo lahusu kitu ambacho wengi wenu hamjapata kukiona kwa macho, kwa kuwa hukaa gizani katikati ya injini na giaboksi. Kitu hicho ni klachi.

Halmashauri ina shauri mbele yake. Land Rover yetu ya zamani, ile ya Series IIA, yahitaji klachi nyingine, na wajumbe wamegawanyika. Wako wanaotaka inunuliwe ya bei ya chini kabisa. Wako wanaosema inunuliwe ya bei ya juu kabisa, wakidhani ughali ndio uzima. Na wako wanaosema gari liuzwe. Sikuja hapa kuamua, maana uamuzi ni wenu ninyi wenye mali. Nimekuja kuwaeleza yale ambayo mtu apaswa kuyajua kabla hajainua mkono kupiga kura.

Labda mtu atauliza, gari lina umuhimu gani siku hizi, hali malipo ya wakulima hupita katika benki na katika simu? Ni kweli fedha hupita katika waya. Lakini mizani, magunia, miche ya kahawa na spea za mashine za kumenyea hazipiti humo. Ninyi mwajua kuliko mimi kwamba kahawa mbivu ikilala usiku kucha bila kumenywa huanza kuchacha, na sifa yake hushuka. Mashine ikivunjika milimani saa nane mchana, kinachoiokoa kazi ya mkulima ya mwaka mzima ni gari linaloweza kupanda kilima kabla ya jua kuchwa. Na gari lisilo na klachi halipandi hata kichuguu.

Basi klachi ni nini? Nyuma ya injini pana gurudumu zito la chuma liitwalo flaiwili, nalo huzunguka daima injini inapokwenda. Mbele ya giaboksi pana shafti yenye meno. Katikati yake huwekwa sahani nyembamba iliyopigiliwa lainingi pande zote mbili, nayo imeshika meno ya ile shafti. Juu ya sahani hiyo hufungwa kifuniko chenye chuma kizito na springi, ambacho mafundi hukiita presha, nacho huikandamiza sahani juu ya flaiwili. Zikibanana, nguvu ya injini hupita kwenda kwenye magurudumu. Dereva akikanyaga pedali, mafuta husukumwa katika mpira na bomba mpaka silinda ndogo ya chini, beringi husukuma vidole vya presha, sahani huachiwa, na nguvu hukatika. Hapo ndipo gia hubadilishwa. Ni kama watu wawili walioshikana mikono: wakikaza, mmoja humvuta mwenziwe, wakilegeza, kila mmoja huenda njia yake.

Jambo la kwanza nitakalo mlishike ni hili: msinunue klachi kabla ya kuhakikisha kwamba mgonjwa ni klachi. Dalili za ugonjwa ni za namna kadhaa, na kila moja ina dawa yake. Iwapo injini hulia kwa nguvu mlimani lakini gari haliongezi mwendo, na harufu ya kuungua yasikika, klachi yateleza. Huenda lainingi imekwisha, au springi zimechoka, au kijiti cha pedali kimekazwa mno hata springi haziwezi kubana sawasawa. Lakini huenda pia oili imeingia. Chini ya nyumba ya klachi ya Land Rover hizi pana tundu dogo la kutolea oili. Tundu hilo lina kizibo chake, ambacho hutiwa tu gari linapovuka mto wenye maji mengi, kisha huondolewa. Dereva akikisahau humo, oili inayovuja hujikusanya ndani mpaka ikaifikia sahani. Tazameni tundu hilo kwanza. Ikidondoka oili nyeusi, sili ya nyuma ya injini yavuja. Ikidondoka oili nzito yenye harufu kali ya kiberiti, yatoka katika giaboksi. Mtu akitia klachi mpya bila kuponya uvujaji huo, atakuwa amelaza mtoto mchanga juu ya godoro lililolowa.

Iwapo gia husaga na kulia zinapotiwa, khasa gia ya kurudi nyuma, klachi haiachii. Hapo mara nyingi sahani haina kosa. Huenda hewa imeingia katika mafuta ya klachi, au mipira ya silinda kuu na ya silinda ndogo imekwisha. Mipira hiyo hugharimu kidogo sana ukiilinganisha na klachi nzima, na kuibadilisha hakuhitaji giaboksi kushushwa. Na iwapo sauti ya kusaga husikika pedali inapokanyagwa, kisha hunyamaza inapoachwa, mshukuni beringi. Fundi asiyeuliza maswali haya na kukimbilia kuandika orodha ya spea, mwambieni angoje. Haraka haraka haina baraka.

Jambo la pili ni kulijua gari lenyewe. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa hadharani katika maonyesho ya magari ya Amsterdam mwaka 1948. Kisha zikafuata Series II mwaka 1958, Series IIA mwaka 1961, na Series III kuanzia 1971 hata 1985. Kwa hiyo IIA iliyo changa kuliko zote imekwisha kupita miaka hamsini. Katika umri huo gari limepita mikono mingi, na kila mkono umeacha kitu chake. Twaweza kukuta bodi ya IIA, injini iliyotoka gari jingine, na giaboksi ya Series III. Jina lililoandikwa nje halitoshi tena kuwa ushahidi.

Yafaa kulijua jambo hili kwa sababu klachi za magari hayo si za namna moja. Magari mengi ya petroli ya zamani yalitoka kiwandani na klachi ya kipenyo cha inchi 9, yaani milimita 229 hivi, yenye springi nyingi ndogo za kuzongwa. Yale ya dizeli, na yale yaliyofuata, yalitumia ya inchi 9 na nusu, yaani milimita 241 hivi, yenye springi moja bapa iliyo kama sahani iliyokatwa vidole. Tofauti ya nusu inchi ni ndogo machoni. Lakini presha isiyolingana na matundu ya bolti ya flaiwili haifungiki, na vyombo vya kuisukumia vya Series III havilingani na vile vya zamani.

Nimepata kuona jambo hili likikiumiza chama kimoja, ambacho sina haja ya kukitaja. Gari lao lilifunguliwa katikati ya msimu, giaboksi ikashushwa chini, na klachi iliyonunuliwa mjini ilipotolewa katika boksi ikaonekana ni ya inchi 9, hali flaiwili ilikuwa ya 9 na nusu. Aliyeagiza alisoma jina la gari tu. Muuzaji akakataa kuirudisha kwa kuwa boksi limepasuliwa. Gari lilikaa juu ya magogo siku tisa, na wanachama wakakodi malori kwa fedha ambazo zingetosha kununua klachi nyingine mbili. Hakuna aliyeiba. Kilichokosekana ni rula tu.

Kwa hiyo kanuni yangu ni kwamba kitu cha zamani kitolewe kwanza, kipimwe, ndipo kipya kiagizwe. Pima kipenyo cha sahani. Hesabu meno ya katikati yake, upime na upana wa tundu. Tazama namna ya springi za presha na mahali pa bolti zake. Andika namba ya injini na namba ya chesisi, uandike na namba yoyote iliyopigwa juu ya kitu chenyewe. Kisha yule atakayetumwa mjini aichukue sahani kuukuu katika gunia, aiweke juu ya meza ya muuzaji, sahani kwa sahani, kabla ya kutoa fedha. Ikiwa gari halina budi kuendelea na kazi mpaka spea ifike, na lifunguliwe wakati msimu umelala, si wakati kahawa yaiva.

Jambo la tatu ndilo linalowagawa wajumbe, nalo ni aina gani inunuliwe. Mlango huu una njia nne.

Njia ya kwanza ni klachi ya kiwanda kilichotengeneza ile ya asili, au ya kiwanda kingine chenye sifa ya miaka mingi. Magari haya yalitumia klachi za Borg & Beck, na jina hilo bado lipo sokoni. Lakini jina lililo juu ya boksi laweza kupigwa chapa na mtu yeyote mwenye mashine ya chapa. Fungueni boksi, mtazame kitu chenyewe: je, namba imepigwa katika chuma? Je, vichwa vya ribiti vimezama sawasawa ndani ya lainingi? Je, springi za katikati ya sahani zimekazwa, hazichezi kwa kidole? Je, vidole vya presha viko kimo kimoja? Nunueni kwa muuzaji anayetoa stakabadhi na kukubali kukirudisha kitu kisipolingana.

Njia ya pili ni kuipiga lainingi mpya sahani ya zamani. Kazi hii hufanywa na mafundi wetu wenyewe, wala si ya kudharauliwa. Ikiwa kitovu cha sahani ni kizima, meno yake hayajalika, springi zake hazijalegea, na sahani haijapinda, basi lainingi nzuri iliyopigiliwa vyema yaweza kutumika vizuri. Lakini ikiwa kitovu kimelika, lainingi mpya ni nguo ya sikukuu aliyovishwa mgonjwa. Na ikumbukwe kwamba springi za kuzongwa hupungua nguvu sahani inapokonda na joto linapozidi; kwa hiyo kupiga lainingi bila kuipima presha ni kuifanya kazi nusu.

Njia ya tatu ni ile isiyo na jina, isiyo na namba, na yenye bei ya kupendeza. Sitasema kwamba kila kitu cha bei ya chini ni kibovu. Nasema kwamba katika klachi, ubovu huonekana baada ya kazi yote kwisha. Hapo ndipo penye hesabu ambayo naomba Bwana Mweka Hazina anisaidie kuishika. Katika Land Rover hizi, kuifikia klachi ni kuondoa viti, sanduku la viti, mabamba ya sakafu na shafti za chini, kisha kuirudisha nyuma giaboksi nzito kwa winchi au kwa mikono ya watu kadhaa. Kazi hiyo ni moja, klachi ikiwa nzuri au mbaya.

Tuchukue tarakimu za kufundishia tu, zisizo bei ya duka lolote. Tuseme klachi nzuri ni shilingi 300,000, na isiyo na jina ni 120,000, na ujira wa kufungua na kufunga ni 150,000. Nzuri ikidumu miaka sita, gharama yake yote ni 450,000. Ile nyingine ikidumu miaka miwili miwili, katika miaka hiyo sita itafungwa mara tatu, kila mara 270,000, jumla 810,000. Wala hatujahesabu siku ambazo gari limelala. Wazee walisema rahisi ghali, nasi tumeithibitisha kwa kalamu.

Njia ya nne huwavuta wanaopenda nguvu, nayo ni klachi ngumu ya mashindano, yenye vipande vya madini badala ya lainingi ya kawaida. Hiyo hushika kwa ghafula. Nguvu isiyopata pa kulegea hutafuta mahali pengine pa kuvunja, na katika Land Rover za zamani shafti za ekseli ya nyuma zajulikana kwa kukatika. Gari letu hubeba miche na magunia, halishindani na mtu. Lainingi ya kawaida yatosha. Hivyo wale waliodhani bei ya juu kabisa ndiyo usalama, nao wafikiri tena.

Ushauri wangu ni kununua seti nzima, yaani sahani, presha na beringi, vyote vya kiwanda kimoja na vya kipimo cha flaiwili tuliyo nayo. Giaboksi ikiwa chini, tazameni na vitu vidogo: sili ya nyuma ya injini, bushi ya shaba inayoshika ncha ya shafti, na uso wa flaiwili. Ukiwa na mikwaruzo mirefu au nyufa, upelekwe kwa fundi wa tono. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mafuta ya klachi yawe mafuta ya breki ya DOT 3 au DOT 4, wala kamwe yasiwe oili ya injini, kwa sababu oili hiyo huvimbisha mipira na kuiharibu.

Hapa nina neno la onyo kwa mafundi vijana. Lainingi nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake likiingia mapafuni huweza kuleta saratani baada ya miaka mingi. Msipulize nyumba ya klachi kwa upepo wa pampu, wala msiifagie kavu. Loweni vumbi kwa maji, lipanguseni kwa kitambaa chenye unyevu, na kitambaa hicho kitiwe katika mfuko na kufungwa. Jifungeni barakoa ya kufaa, na watoto wasisimame karibu. Hakuna klachi yenye thamani ya kifua cha mtu.

Jambo la nne ni dereva. Klachi nzuri mkononi mwa dereva mbaya haimalizi msimu. Asipumzishe mguu juu ya pedali. Asilishikilie gari mlimani kwa klachi badala ya breki. Asiondoke na mzigo kwa gia ya pili. Land Rover hii ina kijiti chenye kitasa chekundu, cha kutilia gia za chini. Gari likiwa limesimama, penye tope au mwinuko na tela nyuma, kijiti hicho kitumike. Ndicho mlinzi wa klachi, na watu wengi hawakigusi mwaka mzima. Na klachi mpya isipewe mizigo mizito katika kilomita 800 za kwanza, mpaka nyuso zake zipatane.

Jambo la mwisho lawahusu viongozi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Naomba kila gari liwe na daftari lake, na humo iandikwe klachi iliyotiwa, kipimo chake, namba yake, tarehe, kilomita zilizosomwa, jina la fundi na bei iliyolipwa. Bei ziulizwe kwa wauzaji watatu kwa vipimo vilevile, maana kulinganisha bei ya inchi 9 na ya 9 na nusu ni kulinganisha debe na pishi. Spea ya zamani iletwe mbele ya kamati, ionekane. Tukifanya hivyo, mwanachama akiuliza fedha yake ilikwenda wapi, atajibiwa kwa karatasi na kwa chuma.

Na lile shauri la kuliuza gari? Bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu na haishiki kutu kwa urahisi, lakini chesisi yake ni ya chuma cha kawaida, na kutu huila kutoka ndani. Kabla ya kununua klachi, chesisi igongwe kwa nyundo ndogo toka mbele hata nyuma. Ikilia kwa sauti kavu na imara, gari lastahili klachi nzuri. Nyundo ikizama, msitie hata klachi ya bei ya chini. Fedha hiyo iwekwe akiba ya gari jingine. Basi uamuzi wa kwanza wa Halmashauri ni nyundo, wa pili ni rula, na wa tatu ndio fedha.

Mabwana na mabibi, mwaka 1844, katika mji wa Rochdale huko Uingereza, watu 28, wengi wao wafumaji na mafundi, walifungua duka dogo la ushirika. Waliuza siagi, sukari, unga na mishumaa. Walipata sifa kwa sababu unga wao haukuchanganywa na kitu kingine, na mizani yao ilikuwa ya haki. Ushirika wetu umezaliwa katika ukoo huo. Kujua tunanunua nini, kwa kipimo gani, na kwa fedha ya nani, ndiyo kazi iliyotukusanya kwa miaka hii kumi.

Karakana iko wazi kesho asubuhi. Nimeiweka sahani kuukuu ya inchi 9 na ya inchi 9 na nusu juu ya meza, na rula kando yake. Kila mjumbe atakayepiga kura na apite azipime kwa mkono wake.